Kuuliza si Ujinga, Kujibu ni Kazi: Hojaji za Malipo na Kiswahili cha Bukavu

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hiyo humtetea anayeuliza. Juu ya anayeulizwa haisemi neno. Mjini Bukavu, makao makuu ya Jimbo la Kivu ya Kusini, kuulizwa na kuuliza kumekuwa njia ya kujitafutia riziki. Wapo wanaojibu hojaji katika simu zao wakitarajia malipo; wapo pia wanaobeba vishikwambi kutoka nyumba hadi nyumba katika Ibanda, Kadutu na Bagira wakiandika majibu ya wenzao. Malalamiko ya makundi haya mawili yanafanana: muda hupotea, malipo huchelewa au hayafiki kabisa, na sababu haielezwi.

Makala hii yakusudia kueleza jinsi hojaji za malipo zinavyoendeshwa, mahali ambapo wahojiwa na wahoji hukwama, na nafasi ya Kiswahili katika kukwama huko. Hoja yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya hojaji hizi ni kazi ya lugha, na kwamba kazi hiyo mara nyingi haihesabiwi wala hailipwi.

2. Kwa nini Kivu huulizwa sana

Sensa ya mwisho ya watu nchini Kongo ilifanywa mwaka 1984. Tangu hapo, serikali, shirika au chuo chochote kinachotaka kujua hali ya wananchi hakina budi kuchagua watu wachache na kuwauliza kwa niaba ya wengi. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliongeza haja hiyo, kwa kuwa kila mpango wa misaada, wa afya au wa amani huhitaji takwimu mwanzoni, katikati na mwishoni. Mfano mmoja ni uchunguzi wa maoni uliofanywa mwaka 2007 na watafiti wa Marekani, ambao uliwahoji watu 2,620 wa mashariki ya Kongo kuhusu amani na haki. Baadhi ya watafiti hao ndio baadaye waliobuni KoBoToolbox, programu ambayo leo hutumiwa na mashirika mengi kukusanyia majibu kwa simu na vishikwambi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumwuliza mtu bila kumfikia. Mwaka 2013 Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulianza kuwapigia simu wakimbizi wa ndani katika kambi ya Mugunga III, karibu na Goma, ili kujua wamekula nini. Waliojibu walipewa salio dogo la simu. Kwa njia hii majibu ya eneo lisilofikika kwa gari hupatikana upesi. Hata hivyo, asiye na simu, asiye na umeme wa kuichaji, au mama ambaye simu ya nyumbani imo mfukoni mwa mumewe, hubaki nje ya hesabu.

3. Hojaji ya mtandaoni na milango yake

Aina ya tatu ni hojaji za biashara zinazojazwa na mtu mwenyewe katika mtandao. Kijana wa Bukavu husikia kwamba akijibu maswali juu ya sabuni, vinywaji au simu atalipwa dola. Hujisajili, hununua data, kisha hukutana na milango minne.

Mlango wa kwanza ni nchi. Mwenye kulipia hojaji kwa kawaida ni mfanyabiashara anayetaka maoni ya wanunuzi wa soko lake, na soko hilo mara nyingi liko Ulaya au Amerika. Kwa sababu hiyo Kongo huweza kukosekana kabisa katika orodha ya nchi zinazokubaliwa. Anayejaribu kuficha mahali alipo hugunduliwa, akaunti yake hufungwa, na alichokwisha kukichuma hupotea pamoja nayo.

Mlango wa pili ni mchujo. Kila hojaji ina mgawo wake: wanawake kadhaa, wenye umri fulani kadhaa, wenye gari kadhaa. Ili kujua kama mtu anafaa, ni lazima kwanza aulizwe umri, kazi, mapato na idadi ya watu wa nyumbani mwake. Baada ya dakika 5 au 10 huambiwa kwamba hakustahili, au kwamba mgawo umekwisha kujaa. Majibu yake ya mwanzo yamekwisha kupokewa. Malipo hayapo, au ni senti chache. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana aliyekataliwa hawezi kujua kama kosa lilikuwa lake au la mgawo.

Mlango wa tatu ni maswali ya mtego. Kati ya maswali ya kawaida huwekwa moja linalomtaka msomaji achague jibu fulani, ili ionekane kwamba anasoma. Muda wake pia hupimwa: anayejibu haraka mno huhesabiwa kuwa mdanganyifu. Vipimo hivi vina sababu yake, kwani wapo wanaojaza ovyo. Lakini vimetungwa kwa mtu anayesoma lugha yake. Anayesoma Kiingereza baada ya Mashi, Kiswahili na Kifaransa huweza kuanguka katika mtego kwa kutokuelewa neno moja, naye akahukumiwa kama mwongo.

Mlango wa nne ni malipo yenyewe. Kwa kawaida huwekwa kiwango cha chini ambacho mtu hawezi kutoa fedha kabla ya kukifikia, na pengine malipo huja kama kadi ya kununulia bidhaa katika maduka ambayo Bukavu hayapo. Fedha zinazotumika mjini kwa urahisi ni taslimu na zile za simu, kama M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Hata hizo zina mipaka yake: baada ya kundi la M23 kuuteka mji mwezi Februari 2025, benki zilifungwa, na wenye fedha ndani ya simu walitaabika kuzipata mkononi. Basi dola 3 zilizochumwa kwa juma zima huweza kubaki tarakimu juu ya kioo.

4. Mfasiri asiyeonekana

Kwa wahoji wanaotembea nyumba hadi nyumba, taabu ni nyingine. Hojaji huandikwa mara nyingi kwa Kifaransa au Kiingereza, ilhali mahojiano hufanywa kwa Kiswahili na, vijijini, kwa Mashi, Kihavu, Kifuliiru au Kirega. Tafsiri isipoandaliwa mapema, mhoji hutafsiri papo hapo, akiwa amesimama mlangoni. Kwa hiyo wahoji kumi huweza kuuliza maswali kumi tofauti, na majibu yote yakaingizwa katika safu moja.

Kuleta tafsiri ya Kiswahili Sanifu kutoka Nairobi au Dar es Salaam hakutoshi. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, njia hiyo yaonekana rahisi zaidi. Lakini Kiswahili cha Kivu kina maana zake. Mifano minne yaweza kutajwa.

(a) Kaya. Hili ndilo neno la sensa za Tanzania kwa watu wanaoishi na kula pamoja. Katika mazungumzo ya Bukavu neno hili ni geni. Lililo karibu ni jamaa, ambalo nchini Kongo humaanisha familia, hali Tanzania humaanisha ndugu, rafiki au hata mtu fulani tu. Lakini jamaa ni pana kuliko kaya, kwani huweza kuwaingiza walioko Uvira au Kinshasa. Mhoji mwenye busara huacha maneno yote mawili na kuuliza ni watu wangapi wanaokula chungu kimoja.

(b) Kutumika. Katika Kiswahili Sanifu kitu hutumika; katika Kiswahili cha Kongo mtu hutumika, yaani hufanya kazi. Anayeulizwa kama ameajiriwa huweza kujibu hapana, ingawa hutumika kila siku sokoni au bandarini. Mtu mmoja huhesabiwa kuwa hana kazi au kuwa nayo kulingana na kitenzi kilichochaguliwa.

(c) Mboga. Hojaji za chakula huuliza ni siku ngapi kati ya 7 zilizopita watu wamekula nafaka, mikunde, mboga, nyama au samaki. Kwa wasemaji wengi wa bara, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na bugali, iwe sombe, maharagwe au sambaza wa Ziwa Kivu. Mama anayejibu kwamba mboga ililiwa siku zote 7 hasemi uongo. Lakini samaki wake huandikwa kuwa majani, na lishe ya nyumba yake hupimwa vibaya.

(d) Kuamini. Hojaji za usalama huuliza kiasi ambacho mtu analiamini jeshi, polisi au mahakama. Kitenzi kuamini hubeba pamoja kusadiki kwamba jambo ni kweli na kumtegemea mtu. Kisha huletwa ngazi tano za jibu, toka “kabisa” hadi “hata kidogo”. Mhojiwa aliyezoea kueleza kwa kisa hulazimika kuchagua namba, na kisa chake, ambacho pengine ndicho jibu, hakina mahali pa kuandikwa.

Mhoji anayezijua tofauti hizi huokoa utafiti mzima. Lakini katika mkataba huandikwa idadi ya fomu zilizojazwa kwa siku, tafsiri haitajwi. Anayechukua muda kuhakikisha kwamba swali limeeleweka hujaza fomu chache, naye huonekana mvivu.

Malalamiko ya namna hii hayakubaki ya mdomoni. Mwaka 2020 kilichapishwa Ubelgiji kitabu kiitwacho Mfululizo wa Bukavu, kilichohaririwa na Aymar Nyenyezi Bisoka na wenzake wa Kongo na Ubelgiji, ambamo watafiti wa Kivu walieleza hatari wanazozikabili, ujira wao, na jinsi majina yao yanavyofutika ripoti inapotoka. Kwa wanafunzi wa lugha, jambo la kuongeza ni kwamba pamoja na jina la mtafiti hufutika pia maneno yake: jibu lililotolewa kwa Kiswahili huchapishwa kwa Kiingereza, bila kuonyesha nani alilitafsiri na kutoka neno lipi.

5. Hitimisho

Imeelezwa kwamba usumbufu wa hojaji za malipo hautokani na uchache wa fedha peke yake. Hutokana na mpango unaomwona mhojiwa kama tarakimu na mhoji kama kalamu. Mengine, kama mgawo na orodha ya nchi, yako mikononi mwa wafanyabiashara wa mbali, na huenda yasibadilike upesi; la msingi hapo ni kijana kuyajua kabla ya kuteketeza data yake. Lakini upande wa lugha uko ndani ya uwezo wa vyuo. Idara za lugha za Bukavu zaweza kukusanya faharasa ya istilahi za hojaji katika Kiswahili cha mahali, kuijaribu katika mitaa, na kuitoa kwa kila anayekuja kutafiti. Nao wenye kutafiti wapaswa kuandika tafsiri katika bajeti, kulipa siku za kuijaribu, na kutaja jina la aliyeifanya. Aidha, anayechujwa njiani apewe haki ya dakika alizokwisha kuzitoa.

Hayo yakifanyika, mama wa Kadutu atakapoulizwa tena juu ya mboga, huenda sambaza wake wakaandikwa kuwa samaki.