Papa Asiyeonekana: Jinsi Jaws Ilivyobadili Utengenezaji na Uuzaji wa Filamu

Jaws, filamu ya taharuki iliyoongozwa na Steven Spielberg na kutolewa na studio ya Universal tarehe 20 Juni 1975, hutajwa karibu kila mara historia ya filamu kubwa za kibiashara inaposimuliwa. Kisa chake ni chepesi. Papa mweupe anashambulia waogaji katika kisiwa cha Amity, mahali pa kubuni panapoishi kwa fedha za watalii wa kiangazi. Mkuu wa polisi anataka ufukwe ufungwe, meya anakataa, na hatimaye wanaume watatu wanapanda mashua kwenda kumwinda. Urithi wa filamu hii ni wa aina mbili, na aghalabu huchanganywa. Wa kwanza ni wa ufundi: namna ya kumtisha mtazamaji kwa kitu ambacho hajakiona. Wa pili ni wa biashara: namna ya kuhakikisha nchi nzima imekisikia kitu hicho kabla hakijafika. Hollywood iliupokea wa pili kwa mikono miwili. Wa kwanza waliurithi wachache.

Chanzo ni riwaya ya Peter Benchley iliyochapishwa mwaka 1974. Watayarishaji Richard Zanuck na David Brown walikwisha kununua haki za kuigeuza filamu hata kabla haijafika madukani. Spielberg, aliyekuwa na umri wa miaka 27 upigaji picha ulipoanza, hakuwa na jina kubwa. Alijulikana zaidi kwa Duel, filamu ya televisheni ya mwaka 1971 kuhusu dereva anayefukuzwa barabarani na lori ambalo uso wa mwendeshaji wake hauonekani kamwe. Katika kuiandaa Jaws, mambo mengi ya riwaya yaliondolewa, yakiwemo mapenzi ya siri kati ya mke wa mkuu wa polisi na mtaalamu wa papa, na uhusiano wa meya na genge la wahalifu. Kilichobaki ni kisa kinachoweza kuelezwa kwa pumzi moja, na wepesi huo wa kueleza ulikuja kuwa sifa ya kwanza inayotafutwa na studio zinapochagua filamu ya kugharimia.

Spielberg alishikilia kwamba picha zipigwe baharini, si katika tangi la studio. Kisiwa cha Martha's Vineyard, jimboni Massachusetts, kilichaguliwa kwa sababu maji yake ni ya kina kifupi na sakafu yake ni ya mchanga hata mbali na nchi kavu. Mtambo ungeweza kukaa chini huku kamera ikionyesha bahari tupu hadi upeo wa macho. Papa watatu bandia walitengenezwa chini ya usimamizi wa Robert Mattey, fundi mkongwe aliyewahi kumtengeneza ngisi mkubwa wa filamu ya Disney, 20,000 Leagues Under the Sea. Papa mmoja alikuwa mzima. Wawili walikuwa na ngozi upande mmoja tu, kulia au kushoto, na upande wa pili ulikuwa wazi, umejaa mabomba ya hewa yaliyoendesha taya na mkia. Wafanyakazi waliwaita kwa jina la Bruce, jina la wakili wa Spielberg.

Papa hao hawakuwa wamejaribiwa katika maji ya chumvi. Walipoingia baharini, mmoja alizama, chumvi ikala vyuma na nyaya, ngozi ikanyonya maji, na siku nyingi zikapita bila picha hata moja ya maana. Hata papa alipokubali kufanya kazi, tanga la mwenye mashua wa burudani lingejitokeza kwenye upeo wa macho na kila mtu akalazimika kungoja lipite, maana hadithi ilitaka wawindaji wawe peke yao. Ratiba ya siku 55 iligeuka kuwa siku 159, na bajeti iliyoanza karibu dola milioni 4 ilifika takriban milioni 9.

Filamu ililazimika kutungwa upya ikiwa njiani. Carl Gottlieb, aliyeshirikiana na Benchley katika mswada, aliishi na kikosi kisiwani na kuandika upya maonyesho kadiri hali ilivyobadilika. Pale ambapo papa alitakiwa kuonekana, kiliwekwa kitu kingine cha kumwakilisha. Katika onyesho la kwanza kabisa, msichana anayeogelea usiku anavutwa huku na kule juu ya maji, na mtazamaji haoni chochote isipokuwa yeye. Baadaye wavuvi wawili wanatupa nyama kwenye ndoano iliyofungwa kwa mnyororo; papa anang'oa kipande cha gati na kuondoka nacho, kisha kipande hicho kinageuka majini na kuanza kurudi kuelekea kwa mmoja wao aliyeanguka. Katika nusu ya pili ya filamu kazi hiyo inafanywa na mapipa ya manjano ambayo Quint, mvuvi wa papa, anayafunga kwa kamba kwenye chusa. Pipa likizama, papa yuko chini; pipa likiibuka, anakuja. Ni werevu wa hali ya juu, kwa sababu pipa ni kifaa cha uvuvi kinachoeleweka mara moja na halihitaji mtambo wowote kulisogeza zaidi ya kamba. Papa mwenyewe haonekani sawasawa mpaka saa moja na dakika ishirini hivi zimepita.

Hata hivyo si kweli kwamba ubora wote wa filamu hii ulitokana na mtambo mbovu, kama masimulizi mengi yanavyopenda kudai. Onyesho la ufukweni, ambamo mtoto anauawa mchana kweupe, linatosha kulithibitisha hilo. Mkuu wa polisi, Brody, ameketi akiyakodolea macho maji. Watu waliovaa nguo za kuogelea wanapita karibu na lenzi, na kila mwili unaoziba picha unatumiwa kuficha mkato, hivyo kila wanapopita uso wa Brody unazidi kusogea karibu bila mtazamaji kuona mshono. Mtu mmoja anainama kumzungumzisha, naye anachungulia juu ya bega lake. Kitu cheusi kinachoelea kinageuka kuwa kofia ya mzee anayeogelea. Msichana anapiga kelele, kumbe amebebwa mabegani na rafiki yake. Kisha mwenye mbwa anamwita mbwa wake aliyekuwa akifuata kijiti majini. Kijiti kinaonekana kikielea, mbwa haonekani. Hapo ndipo kamera inapoingia chini ya maji na kuanza kupanda kuelekea miguu ya mtoto aliyelalia boya la manjano. Shambulio lenyewe ni la sekunde chache. Brody anapolitambua, kamera inasogezwa mbele huku lenzi ikivutwa kurudi nyuma, na uso wake unabaki mahali pake ilhali ufukwe wote nyuma yake unatanuka. Mbinu hiyo Alfred Hitchcock alikwisha kuitumia katika Vertigo mwaka 1958 kuonyesha kizunguzungu. Ufundi wa kucheza na matarajio ya mtazamaji, kumpa hofu mbili za uongo kabla ya ile ya kweli, ni wa Hitchcock pia. Mpiga picha mkuu, Bill Butler, aliongeza la kwake: sehemu kubwa ya picha za majini aliiweka kamera usawa wa uso wa maji, mawimbi yakigonga lenzi, hivi kwamba mtazamaji anajikuta na yeye anaogelea.

Muziki wa John Williams ulikamilisha kazi ambayo mtambo ulishindwa kuifanya. Kiini chake ni noti mbili za chini zinazorudiwa, kwanza polepole kisha kwa kasi, na Spielberg alipozisikia mara ya kwanza kwenye piano alidhani ni mzaha. Noti hizo ndizo papa kwa muda mwingi wa filamu. Kinachosahaulika ni uangalifu wa mahali zilipoachwa. Watoto wawili wanapowatisha waogaji kwa pezi la bandia, muziki haulii, na msikilizaji makini angejua kwamba hakuna hatari. Lakini Brody anaporusha chambo nyuma ya mashua na kichwa cha papa kikaibuka ghafla, muziki haulii pia. Filamu imetumia zaidi ya saa nzima kumfundisha mtazamaji kanuni, kisha inaivunja kwa makusudi.

Mhariri Verna Fields alijua ni fremu ngapi zinatosha kabla papa bandia hajaanza kuonekana ni mpira, na kukata kwake kulimpa Oscar. Williams naye alipata ya kwake, na filamu ikapata ya tatu kwa sauti. Bwawa la kuogelea la Fields nyumbani kwake ndilo lililotumika kwa picha moja ya nyongeza, ya kichwa cha maiti kinachojitokeza kwenye tundu la mashua iliyozama. Maji yake yalitiwa maziwa ili yafanane na bahari yenye ukungu. Spielberg aliitaka picha hiyo baada ya maonyesho ya majaribio, kwa sababu alitaka ukumbi upige kelele mara moja zaidi.

Upande wa biashara unahitaji maelezo ya utaratibu uliokuwepo kabla. Filamu ya hadhi ilianzia katika majumba machache ya sinema ya miji mikubwa kama New York na Los Angeles. Sifa zake zilisambaa kwa magazeti na kwa midomo ya watu, na nakala zilezile za seluloidi zikahamishwa mji hadi mji kwa miezi. Nakala zilikuwa ghali, na subira ilikuwa na faida. Kuifungua filamu nchini kote siku moja kulichukuliwa kuwa dalili ya udhaifu: msambazaji alikuwa akiwahi fedha za watu kabla hawajaambiana kwamba filamu ni mbaya.

Universal ilifanya hivyo kwa filamu iliyoiamini. Jaws ilifunguliwa katika majumba 409 ya Marekani, na zaidi ya 460 Kanada ikijumlishwa. Mpango wa awali ulikuwa wa majumba mengi zaidi. Lew Wasserman, mkuu wa kampuni mama ya MCA, aliipunguza idadi ili foleni zionekane barabarani. Katika siku tatu za kuelekea ufunguzi, matangazo ya sekunde 30 yalirushwa usiku kwenye mitandao yote mikubwa ya televisheni, gharama ikiwa takriban dola 700,000, kiasi ambacho hakikuwa cha kawaida kwa televisheni ya taifa. Mchoro wa Roger Kastel, wa mwogeleaji juu na mdomo wa papa ukipanda kutoka chini, ulikuwa kwenye jalada la toleo la bei nafuu la riwaya na kwenye bango la filamu vilevile, hivyo kila aliyesoma kitabu kwenye basi aliitangaza filamu bila malipo. Inafaa kuona hapa kwamba mchoro unamwonyesha papa waziwazi, jambo ambalo filamu ilikwepa kwa zaidi ya saa moja.

Wikiendi ya kwanza iliingiza dola milioni 7. Kufikia Agosti filamu ilikuwa katika majumba zaidi ya 900, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeipita The Godfather kwa mapato. Ilikuwa filamu ya kwanza kumrudishia msambazaji dola milioni 100 ndani ya Amerika Kaskazini baada ya wenye majumba kukata fungu lao. Kiangazi, ambacho studio zilikuwa zimekidharau kwa kuamini kuwa watu wako ufukweni badala ya kwenye kumbi za giza, kikawa msimu wa dhahabu. Pengine hakuna filamu iliyowahi kupata bahati ya namna hiyo, ya kuwafukuza watu baharini na kuwapa mahali pengine pa kwenda siku hiyohiyo.

Sifa ya kuwa ya kwanza, hata hivyo, haistahili kutolewa kiholela. The Godfather ilikwisha kusambazwa haraka katika mamia ya majumba mwaka 1972, na Billy Jack ilikwisha kuonyesha nguvu ya matangazo mazito ya televisheni. Jaws iliyaunganisha yote mahali pamoja: kisa chepesi, kitabu kinachouzika, picha moja ya utambulisho, televisheni ya taifa, ufunguzi mpana na tarehe ya kiangazi.

Star Wars ilipokuja Mei 1977 na kuivunja rekodi yake, mfumo ulikuwa umesimama. Kilichofuata ni mwendelezo. Jaws 2 ilitoka mwaka 1978 bila Spielberg, ya tatu mwaka 1983 kwa picha za pande tatu, na ya nne mwaka 1987, kila moja ikimwonyesha papa kwa ukarimu zaidi na kutisha kwa kiasi kidogo kuliko iliyotangulia. Waliojifunza ufundi walikuwa kwingine. Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979, iliuzwa kwa studio kama Jaws ya angani, na kweli inamficha kiumbe wake kwenye vivuli kwa muda mrefu. Spielberg mwenyewe, alipokuwa na kompyuta za kutosha kumwonyesha dinosaria wakati wowote, alimtangaza Tyrannosaurus wa Jurassic Park mwaka 1993 kwa mawimbi madogo katika bilauri ya maji.

Kwa studio nyingine, hesabu ya ufunguzi ndiyo iliyobaki. Avengers: Endgame ilianza mwaka 2019 katika majumba zaidi ya 4,600 ya Amerika Kaskazini, takriban mara kumi ya Jaws, na kuingiza dola milioni 357 siku tatu za kwanza. Filamu inayofunguliwa hivyo hupata sehemu kubwa ya mapato yake kabla maoni ya watazamaji hayajaenea, na ndiyo maana bajeti ya matangazo ya filamu kubwa hupangwa sambamba na bajeti ya kuitengeneza. Tarehe ya kutolewa nayo hutangazwa miaka kadhaa mapema, mara nyingine mswada ukiwa bado haujaandikwa. Filamu za watu wazima zenye mwendo wa polepole, zilizokuwa zikikua mji hadi mji, zilisogezwa kwenye miezi ya mwisho wa mwaka, karibu na msimu wa tuzo, na nyingi sasa huenda moja kwa moja kwenye huduma za intaneti.