Gari Likila Oili, Uliza Linailia Wapi

Kitenzi 'kula' hubebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu. Mtu hula ugali, hula kiapo, hula hasara, hula rushwa. Na gari kuukuu, kwa kauli ya mafundi wetu, hula oili. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwahimiza wanafunzi wapambanue maana za maneno niliipokea kauli hiyo bila swali siku nilipoipeleka Peugeot 504 yangu katika gereji moja. "Mwalimu, gari linakula oili. Ringi zimekwisha," fundi alisema, hata kabla ya kuliwasha. Injini ikafunguliwa, ringi mpya zikatiwa, na fedha zilizokuwa zimewekwa kwa karo ya muhula mzima zikaenda. Majuma mawili baadaye moshi wa samawati ulikuwa pale pale.

Kosa halikuwa la fundi peke yake. Tulikuwa tumelipa jina moja kundi zima la maradhi.

Oili hupungua kwa njia mbili tu: ama huvuja nje, ama huungua ndani. Kuvuja si kitendawili. Tandaza gazeti la jana chini ya injini usiku kucha (wahariri waniwie radhi) nawe asubuhi utajisomea. Kuungua ndiko kwenye utata, na hapo shahidi ni moshi. Mweusi hauhusiki, kwani huo ni wa petroli iliyozidi. Mweupe mzito, usiokoma hata injini ikishapata moto, ni wa maji. Wa samawati ndio wa oili, lakini kuuona hakutoshi. Sharti ujue hutoka wakati gani.

Anayesafiri kutoka Limuru kuteremkia Mai Mahiu ana maabara ya bure. Katika mteremko ule dereva huachilia akselereta huku gari likiwa ndani ya gia. Injini hufyonza kwa nguvu, na iwapo mashina ya vali yamelegea katika vibomba vinavyoyaongoza, oili iliyo juu huvutwa ikaingia kwenye silinda. Ukikanyaga akselereta tena kule chini, wingu la samawati huruka nyuma yako. Gari la namna hiyo, likiwashwa asubuhi, aghalabu hutoa pumzi moja ya samawati kisha likatulia. Ringi zilizokwisha hazina tabia hiyo. Moshi wake ni wa mfululizo, hasa gari likiupanda mlima ule ule na mzigo. Langu lilitoa wingu mteremkoni. Nililiona kwenye kioo mara nyingi, wala sikuulizwa, wala sikusema.

Lipo pia jaribio lisilochukua hata nusu siku. Plagi hutolewa, mgandamizo wa kila silinda hupimwa kwa geji, kisha oili kidogo humiminwa ndani na kipimo kikarudiwa. Namba iliyokuwa chini ikipanda, ringi zina la kujibu, maana oili ile imeziba mianya yake kwa muda. Namba ikiwa nzuri tangu mwanzo, ni vigumu kuzishtaki.

Yapo magari ambayo oili yake haipungui kamwe, na wenyewe hujisifu kwayo. Mimi nayaogopa zaidi. Kijiti cha kupimia kikionyesha kwamba oili imepanda, inuse. Ikinuka petroli, yamkini kiwambo cha pampu ya petroli kimepasuka, na injini inajiosha badala ya kujilainisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Na katika 504, ambayo silinda zake ni mikebe inayozungukwa na maji, si lazima gasketi ya juu iwe ndiyo mkosaji, kwani hata viziba vya chini ya mikebe huchoka. Utando mwembamba wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili tu, kwa gari la safari fupi za asubuhi za baridi, huenda ukawa mvuke na si zaidi.

Taa nyekundu ya oili nayo husingiziwa mengi. Ikipepesa injini ikiwa moto na gari limesimama, beringi huenda zimelika. Lakini huenda pia swichi yake ni mbovu, au umetia oili nyepesi ya magari ya kisasa katika injini ya gari lililoanza kuundwa mwaka 1968. Zima injini kwanza, kisha utafute geji ya shinikizo kabla hujamtafuta mtu wa kufungua chochote.

Fundi wa pili niliyemwendea hakugusa spana. Alijifuta mikono, akauliza: "Mwalimu, moshi huu hutoka ukipanda mlima au ukishuka?" Nilikuwa na jibu hilo kwa miezi minane. Vibomba vya vali vikabadilishwa, na ringi zangu mpya hazikuguswa.