Je, Wajua? Kwa Nini Usihame Kiti Ndegeni

Je, wajua kwamba katika ndege ndogo kama zile zinazotua kwenye viwanja vya Mavivi, karibu na Beni, na Rughenda, Butembo, mahali unapoketi ni sehemu ya hesabu ya rubani? Abiria wengi wakihama kwa pamoja, uzito husogea na ndege inaweza kumshinda rubani. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege aina ya Let 410 ilianguka Bandundu, watu 20 wakafa. Manusura pekee alisimulia kuwa mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alitoroka, abiria wakakimbilia mbele. Mkanda nao hukulinda usirushwe hewa ikichafuka. Ukionyeshwa kiti, keti na ufunge mkanda.