Kinachoharibu Bega la Kulungu

Kila Novemba, msimu wa bunduki unapofunguliwa Wisconsin na Minnesota, wawindaji wa kulungu wa mkia mweupe hurudia ubishi wa kaliba. Huyu anasema .30-30 yatosha, yule hatoki nyumbani bila .300 Winchester Magnum. Ubishi mtamu, ila kwa anayewinda ili ajaze friza, unaanzia pabaya. Bunduki hizo mbili, pamoja na .308 na .30-06, zote hurusha kichwa cha risasi chenye upana uleule: inchi 0.308, yaani takriban milimita 7.8. Tofauti utaiona ukishamchuna mnyama.

.30-30, iliyotoka mwaka 1895, hurusha kichwa cha gramu 9.7 kwa kasi ya takriban mita 730 kwa sekunde kinapotoka mtutuni. .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963, hukirusha cha uzito huohuo kwa takriban mita 1,000. Kwa kuwa nishati huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, hii ya pili inabeba karibu maradufu. Kulungu si nyati. Mwili wake ni mwembamba, na nishati inayozidi ile ya kumuua huishia kwenye misuli ambayo wewe ulitaka kuila.

Kichwa cha risasi kinapopita kwa kasi, nyama hutanuka pande zote kisha hurudi, yote hayo kufumba na kufumbua. Mishipa midogo hukatika, damu ikatambaa katikati ya tabaka za misuli. Kikigonga mfupa wa bega, vipande vya mfupa navyo huruka na kuchana nyama ya jirani. Chuna bega la namna hiyo, ulibandue kutoka mbavuni, utakuta damu nyeusi imeganda kama jeli kutoka kwenye tundu hadi karibu na shingo. Usilitupe lote kwa hasira. Mara nyingi damu hiyo imekaa juu ya utando tu. Ingiza ncha ya kisu chini ya utando, uvute, na msuli ulio chini yake hutoka safi. Damu ikishaingia kwenye nyuzi za nyama yenyewe, hapo kata utupe.

Umbali nao una neno lake. Katika misitu ya Wisconsin kulungu wengi hupigwa ndani ya mita 100, kabla kasi haijapungua sana. Magnum ilikusudiwa kulenga mbali, kwenye milima na nyanda zilizo wazi. Risasi inayotulia vizuri kwenye mita 300 inaweza kupasuka vipandevipande kwenye mita 40.

Hapo ndipo muundo wa kichwa cha risasi unapochukua nafasi kubwa kuliko kaliba. Kichwa cha kawaida ni kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti jembamba la shaba. Ni rahisi, na kwa kasi ya wastani hufanya kazi nzuri tu. Kasi ikizidi, koti huchanika na kiini husambaratika. Mmarekani John Nosler aliliona tatizo hilo mwaka 1946 akiwinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aitwaye moose huko British Columbia, Kanada. Risasi zake zilikuwa zikivunjika kabla ya kufika ndani. Akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hufunguka, ya nyuma hubaki nzima. Kiliingia sokoni mwaka 1948 kwa jina la Partition, na kinauzwa hadi leo. Baadaye vikaja vichwa ambavyo kiini kimegandishwa kwenye koti, kisha vya shaba tupu, ambavyo hubaki na karibu uzito wake wote.

Shaba tupu ina faida nyingine: haina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mwaka 2008, huko North Dakota, picha za eksirei zilionyesha chembe za madini ya risasi katika nyama ya kusaga ya kulungu iliyokuwa imetolewa kwa wahitaji, na vituo vya chakula vikaambiwa viitupe. California nayo, kwa ajili ya kuwalinda tai wake wakubwa aina ya kondori, imepiga marufuku kuwinda kwa risasi za madini hayo tangu Julai 2019. Lakini shaba ni ngumu. Isipofika na kasi ya kutosha haifunguki, hutoboa na kupita. Kulungu aliyetobolewa hivyo anaweza kukimbilia vichakani na usimpate tena, na hapo umepoteza nyama yote.

Wanaokimbilia kaliba ndogo wakidhani ndiyo huruma, nao waangalie. .243 yenye kichwa chepesi kilichotengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo hulipasua bega vibaya kuliko .45-70 ya mwaka 1873, ambayo ni nzito na ya polepole. Kwa msituni, mimi ningechukua .308 au 6.5 Creedmoor yenye kichwa kizito kwa kaliba yake, kilichogandishwa kiini. Mwenye .30-30 ya babu yake hana sababu ya kuingia dukani.

Kisha lenga nyuma ya bega, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini, mnyama akiwa amekupa ubavu. Risasi inapita mbavu na mapafu. Atakimbia makumi kadhaa ya mita, aanguke, na utakachopoteza ni kipande cha nyama ya mbavu. Akiwa amesimama kimshazari, fikiria itakapotokea, kwa sababu bega la upande wa pili ndilo huharibika bila mtu kutarajia.

Ukiwa umetumia madini ya risasi, usilimwagie jeraha maji mengi ukidhani unalisafisha: majaribio ya idara ya maliasili ya Minnesota yalionyesha kuwa maji huzisambaza chembe hadi kwenye nyama iliyokuwa salama. Kata kwa upana kuzunguka tundu, na mabaki hayo yasiende kwenye mashine ya kusagia.