Kiti cha nyanya chageuka fasheni Nairobi

Na MWANDISHI WETU

KUNA aina ya kiti ambacho wengi waliolelewa nchini Kenya kabla ya miaka ya 1990 wamewahi kukikalia. Fremu yake ni ya mbao tupu, miguu yake ni myembamba na imeinamia nje kidogo, na mito yake miwili, wa kukalia na wa kuegemea, hutolewa ikaanikwa juani. Juu yake palitandikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, na ole wake mtoto aliyekiangusha.

Kiti hicho kilifukuzwa sebuleni. Yalikuja makochi manene ya velveti, kisha yale ya ngozi bandia, na nyanya akaamriwa ahamishe viti vyake jikoni. Vingine viliishia katika banda la kuku, vingine vikawa kuni.

Sasa mambo yamegeuka. Vijana wa Kilimani, Kileleshwa na Lavington wanazunguka na picha kwenye simu zao wakitafuta kiti kile kile. Wanakiita kwa jina refu la Kizungu lenye maana ya mtindo wa kisasa wa katikati ya karne ya 20, na wako tayari kukilipia pesa nzuri. Duka likikiweka dirishani chini ya taa za manjano, bei hupanda kana kwamba kimeshuka kwa ndege.

Mimi sioni ubaya wa mtu kupenda kitu kizuri. Ubaya ni kulipa akiba ya miezi kadhaa kununua kiti cha unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ilhali kile cha mvule kiko kwa shangazi kimeegemezwa ukutani kikinyeshewa.

Mtindo wenyewe ulianza wapi? Jina lilienezwa na mwandishi Mmarekani, Cara Greenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1984, lakini vitu vyenyewe ni vya tangu miaka ya 1940 hadi 1960 na ushei. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wa Ulaya na Marekani walihitaji samani nyepesi, zisizo na nakshi nyingi, za kutoshea nyumba ndogo. Charles Eames na mkewe Ray walikunja plaiwudi ikafuata umbo la mwili. Kiti chao cha kupumzikia cha mwaka 1956 kingali kinatengenezwa, na kipya huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 5,000. Hizo ni zaidi ya Sh600,000, nauli na ushuru kando.

Huko Denmark alikuwako Hans Wegner, mtoto wa fundi viatu, aliyeanza kazi akiwa mwanagenzi wa useremala. Kiti chake cha mwaka 1949 ndicho walichokalia John Kennedy na Richard Nixon walipofanya mjadala wao wa televisheni jijini Chicago mwaka 1960. Kingine chake cha mwaka huo huo wa 1949 hufumwa kwa takriban mita 120 za kamba ya karatasi. Mtu wa Pwani aliyezoea kitanda cha kamba hawezi kushangazwa na kazi hiyo.

Na kuna kisa kimoja kinachotuhusu kabisa. Maafisa wa jeshi la Uingereza nchini India walikuwa na kiti cha kufungua na kukunja, kilichopewa jina la mji wa Roorkee. Kilikuwa cha vijiti na turubai, kikishikiliwa kwa mikanda, bila gundi. Kiti cha namna hiyo kikaja Afrika Mashariki na misafara ya wawindaji. Wamarekani Martin na Osa Johnson, waliopiga picha za wanyama Kenya miaka ya 1920, walikuwa nacho kambini. Msanifu wa Denmark, Kaare Klint, alikiona katika picha zao na mwaka 1933 akatoa chake, akakiita Kiti cha Safari. Kwa hivyo Mkenya anayeagiza kiti hicho Ulaya anaagiza neno la Kiswahili na kumbukumbu ya nyika yake mwenyewe.

Nairobi nayo haikupitwa na enzi hiyo. Jumba la KICC, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa Kenya, lilifunguliwa mwaka 1973. Mnara wa mviringo wa hoteli ya Hilton ulikuwa tayari tangu 1969, na hoteli yenyewe ilifunga milango mwishoni mwa mwaka 2022. Mwanafunzi asiyejua macho yake yatafute nini na asimame katika uwanja wa KICC dakika 10. Atazame jinsi jengo lisivyojificha nyuma ya mapambo. Kiti kizuri cha mtindo huu kina tabia hiyo hiyo: mbao inaonekana ni mbao, kiungio kinaonekana ni kiungio, na sakafu inaonekana chini yake.

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi masomo ya usanifu wa vitu yalianza kujengwa miaka ya 1960, na mmoja wa waasisi alikuwa msanii wa Afrika Kusini, Selby Mvusi, aliyefariki mwaka 1967. Wazo lilikuwepo zamani kwamba Mwafrika atengeneze vyombo vya nyumba yake kwa akili yake.

Haya, tushike kikapu twende sokoni.

Katikati ya jiji si mahali pa kununulia kochi. Ni mahali pa kununulia vitu vidogo vinavyolipa kochi uso. Barabara ya Biashara ina maduka ya vitambaa, kikoi na leso, na humo utapata kitambaa kizito cha rangi moja cha kuvalisha mito. Mtindo huu hupenda rangi ya haradali, kijani cha mzeituni, udongo na samawati iliyofifia. Maua makubwa makubwa yaache. Uuliziapo bei taja mita unazohitaji mara moja, kwa maana mwenye duka akijua umekuja kuangalia tu atakuangalia pia.

Kwa mapambo, usisahau kigoda cha Wakamba cha miguu mitatu kilichotiwa nakshi za waya. Kigoda hicho kiliwatangulia akina Wegner, na kikiwekwa kando ya kiti cha mbao kinashinda meza ndogo yoyote ya kioo. Soko la Maasai ndipo pa kuvitafutia, lakini vile vipya vilivyopakwa rangi ya viatu ili vionekane vikongwe viko tele.

Kochi na viti, hayo ni mambo ya Barabara ya Ngong. Kwa miaka mingi mafundi wa jua kali wamepanga kazi yao kando ya barabara hiyo, na hata baada ya barabara kupanuliwa na wengine kusukumwa, randa na misumeno haijanyamaza. Kangemi na Kawangware pia kuna maseremala wasiokuwa na kibao wala taa, ambao kazi yao mara nyingi ndiyo inayouzwa kwa bei ya juu penye kibao na taa.

Fundi atakuita "mama", "mkubwa" au "kastama" kwa kadiri anavyoukisia mfuko wako. Mwamkie, muulize habari za kazi, kisha mwonyeshe picha. Atasema anaweza. Sijapata kukutana na fundi wa Barabara ya Ngong aliyesema hawezi. Kwa hivyo usimwulize kama anaweza, mwombe akuonyeshe mguu mmoja wa kiti alichokwisha kutengeneza.

Hapa ndipo mtindo huu unapomsaidia mnunuzi. Kochi nene la velveti huficha siri nyingi. Chini ya kitambaa mnaweza kuwa na vipande vya masanduku ya mizigo, magunia na kadibodi, nawe hutajua mpaka siku mgeni mnene atakapoketi. Kiti cha mbao tupu hakina pa kujificha. Udanganyifu uliobaki ni wa rangi tu: saipras hupakwa rangi nyekundu na kuitwa mahogani.

Pindua kiti. Chini ya fremu, mahali ambapo brashi haikufika, mbao husema kweli. Saipras ni nyepesi, ina rangi ya manjano hafifu na mafundo mengi. Mvule ni kahawia ya dhahabu na huzidi kuiva kadiri miaka inavyokwenda. Mahogani ina wekundu wake wa ndani. Kinyanyue pia. Kiti cha mbao ngumu kina uzito ambao mkono hausahau.

Saipras si haramu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari mwaka 2018, mbao ziliadimika na kupanda bei, na mbao ngumu nyingi hutoka nchi za eneo hili kama Kongo na Uganda. Mwanafunzi wa bedsita akinunua kiti cha saipras kilichokauka vizuri hajakosea. Mradi alipe bei ya saipras. Na neno "kilichokauka" lina uzito: mbao mbichi hujipinda na kupasuka ndani ya miezi michache, na kiti kilichosimama wima dukani huanza kuyumba kama mlevi.

Ukiagiza, utaombwa malipo ya kwanza, aghalabu nusu ya bei. Usilipe yote. Andikeni karatasini aina ya mbao, vipimo, unene wa sponji, rangi ya kitambaa na siku ya kuchukua, kisha mtie sahihi wote wawili. Rudi ukione kiti kabla hakijapakwa vanishi. Fundi mwema hatakasirika, na yule atakayekasirika amekwisha kujieleza.

Lakini kwa maoni yangu ununuzi bora zaidi si wa kitu kipya. Katika Woodley, Kileleshwa, Lavington na Loresho, nyumba za bangaloo za zamani zinabomolewa ili kupisha magorofa. Enzi za ukoloni, na baadaye, nyumba nyingi za maafisa wa serikali zilitiwa samani za Idara ya Ujenzi, zile zilizojulikana kwa herufi PWD. Zilikuwa za mbao ngumu, nzito, zisizo na madoido. Familia inapohama, vitu hivyo hutolewa nje na kwenda kwa yeyote mwenye mkokoteni.

Wageni wanaofanya kazi katika balozi na Umoja wa Mataifa nao huuza vyombo vya nyumba wanapomaliza mkataba. Zamani matangazo yao yalibandikwa kwenye mbao za matangazo katika maduka makubwa, siku hizi huzunguka kwenye simu. Fika asubuhi ukitaka kuchagua, fika jioni ukitaka bei. Mwenye ndege ya kesho hana nguvu ya kushindana nawe.

Tena kuna minada ya serikali. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu ununuzi na uuzaji wa mali ya umma huzitaka idara ziuze kwa utaratibu vitu visivyotumika, na matangazo hutoka magazetini. Mara nyingi utauziwa rundo zima: viti 15, meza mbili na kabati lisilo na mlango. Ungana na majirani au wanafunzi wenzako mgawane. Nenda ukalikague rundo siku iliyotajwa, kwa sababu ukishalinunua ni lako na mchwa wake.

Nimetaja mchwa, sasa nitaje adui mbaya zaidi. Kunguni. Kabla hujaleta nyumbani kiti chochote kilichotumika, kagua mishono ya mito na nyufa za fremu kwa tochi. Vidoa vyeusi vidogo ni dalili yao. Mito ya zamani afadhali uitupe yote ununue sponji mpya, kwani fremu ndiyo uliyoifuata. Ukiona vitundu vidogo kwenye mbao na unga laini chini yake, kuna wadudu wanaoila kwa ndani, na hapo usihurumie bei.

Kusugua fremu ya zamani hakuhitaji fundi. Vijana wawili, msasa wa kukwaruza na msasa laini, wikendi moja uani. Vaeni barakoa ya kuzuia vumbi, na penye rangi ya zamani msisugue, kwa kuwa nyingine zilikuwa na risasi, na watoto wadogo wasikaribie vumbi hilo. Pakeni vanishi isiyong'aa sana, siku isiyo na mvua.

Jambo la mwisho ni la futi kamba. Magorofa mapya ya magharibi mwa jiji yana ngazi nyembamba na lifti ndogo, na seti ya watu saba tuliyorithi kama desturi haiingii, au ikiingia watu hawana pa kupita. Pima mlango, kona ya ngazi na lifti kabla ya kumlipa mtu. Chukua kochi moja na viti viwili vyenye miguu mirefu. Patana na mwenye pikapu kabla kiti hakijapakiwa, mwambie ni ghorofa ya ngapi, na kubalianeni kabisa nani atakayekibeba juu.