Maonyesho ya Ajira Chuoni: Maandalizi Huanza Kabla ya Siku Yenyewe

Maonyesho ya ajira yanapofanyika chuoni, wanafunzi wengi huzunguka meza zote, huchukua kalamu na vipeperushi, kisha hurudi bwenini. Wachache huondoka na jina la afisa wa kampuni na tarehe ya kupeleka barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini. Mara nyingi kinachowatofautisha ni maandalizi ya siku chache tu.

Kuwajua waajiri

Hatua ya kwanza ni kuuliza chuoni ni waajiri gani wanaotarajiwa, kisha kuchagua wanne au watano wanaohusiana na kozi. Mwanafunzi wa umeme anayefika kwenye meza ya kampuni ya sola na kuuliza inafanya kazi gani huwa amepoteza nafasi. Anayejua kwamba kampuni hiyo huweka pampu za maji mashambani huanza mazungumzo akiwa mbele.

Wasifukazi

Kurasa mbili zinatosha. Ziwe na nambari ya simu inayopatikana, barua pepe yenye jina halisi, kozi, kiwango na mwezi wa kumaliza masomo. Neno “mchapakazi” halimwambii mwajiri lolote. Afadhali kueleza kazi iliyofanywa: kumsaidia fundi kuweka nyaya katika nyumba ya vyumba vitatu, au kuweka hesabu za duka la familia kila jioni. Kibarua pia ni uzoefu. Fundi wa kushona, wa magari au wa useremala anaweza kubeba picha za kazi zake kwenye simu.

Nusu dakika ya kwanza

Afisa huzungumza na watu wengi siku hiyo, kwa hivyo utangulizi uwe mfupi: jina, kozi, mwezi wa kumaliza na kinachotafutwa. Ni vyema kuufanyia mazoezi na rafiki, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Baada ya hapo yafuate maswali yenye manufaa: maombi hupokelewa miezi gani? Barua ya chuo inahitajika? Mwanafunzi anapaswa kuwa na bima ya ajali? Majibu yaandikwe papo hapo pamoja na jina la afisa, na ujumbe wa shukrani utumwe ndani ya siku mbili.

Hakuna kazi ya kununuliwa

Mzazi aliyeuza mbuzi ili kulipa karo hapaswi kuombwa tena pesa za “fomu” au za “kufungua faili”. Anayedai malipo ili kutoa kazi aripotiwe kwa wasimamizi wa chuo au kwa polisi.

Vijana wengi pia hutumia akiba yao kutafuta vyeti vya uidhinisho mapema, kama vile cha maadili mema kutoka DCI au vya KRA, HELB na EACC. Sheria ya Ajira, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2022, inamzuia mwajiri kumdai mwombaji vyeti hivyo isipokuwa ananuia kuingia naye katika mkataba wa maandishi. Katika meza ya maonyesho, wasifukazi na nakala za vyeti vya masomo vinatosha.

Kwa kazi za ng’ambo, jina la wakala likaguliwe kwanza katika orodha ya mawakala waliosajiliwa ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kabla ya kutia saini au kukabidhi pasipoti.

Nafasi za kaunti

Kazi katika serikali ya kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na maombi hupelekwa kwa bodi hiyo. Hakuna afisa anayeweza kumwajiri mtu mezani. Anachoweza kufanya ni kueleza sifa zinazohitajika, na swali hilo halilipishwi.

Wanafunzi wenye ulemavu wanaohitaji mkalimani wa lugha ya ishara au njia ya kiti cha magurudumu waarifu chuo mapema, ili siku hiyo nao wafike kwenye kila meza.