Giaboksi Imebadilishwa, Klachi Inasumbua: Kikundi Kifanye Nini?



Gari kuukuu ni msaada mkubwa kwa kikundi. Linaleta maziwa mjini Isiolo mapema kabla jua halijayaharibu, linabeba mahindi na saruji, na usiku mama akishikwa na uchungu kule Kulamawe au Oldonyiro, ndilo hilo hilo linalomfikisha hospitali. Lakini giaboksi ikivunjika, vikundi vingi havina pesa ya kununua mpya. Wananunua iliyotumika, fundi wa jua kali anaifunga, gari linarudi. Siku ya pili dereva anasema, "Gia zinakataa." Fundi anasema klachi imekwisha, nunueni nyingine. Wanachama wanamuuliza mweka hazina pesa zimekwenda wapi. Hapo ndipo ugomvi unaanza.

Makala hii si ya kumfanya kila mtu awe fundi. Ni ya kuisaidia kamati iulize maswali ya maana kabla ya kutoa shilingi nyingine. Kuuliza si ujinga.

KLACHI INAFANYA KAZI GANI?

Klachi ni mahali ambapo injini na giaboksi hushikana mikono na kuachana. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, yaani flaiwili. Klachi pleti hubanwa kwenye flaiwili na presha pleti, ambayo ina springi kali. Ikibanwa, nguvu ya injini inakwenda kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi inasukuma springi, pleti inaachiliwa, na unaweza kubadilisha gia.

Katika magari mengi, mguu wako hausukumi beringi moja kwa moja. Unasukuma mafuta ya breki kutoka silinda ya juu, karibu na pedali, mpaka silinda ya chini, karibu na giaboksi. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuwa katika mafuta, katika silinda, au ndani ya klachi yenyewe. Kubadilisha pleti wakati ugonjwa uko kwenye silinda ni kama kumpa mtu dawa ya tumbo naye anaumwa jino.

DALILI YA KWANZA: GIA ZINAKATAA AU ZINALIA "KRAA!"

Zima injini. Jaribu kuingiza gia ya kwanza, ya pili, na ya kurudi nyuma. Kama zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zinakataa ikiwaka, basi mara nyingi giaboksi ni nzima. Klachi ndiyo haiachi. Kama zinakataa hata injini ikiwa imezimwa, mwambie fundi aangalie giaboksi na mkono wa gia.

Sasa zuia magurudumu kwa mawe, injini ibaki imezimwa. Mtu mmoja akanyage pedali mpaka chini, mwingine aangalie kijiti cha silinda ya chini.

- Kijiti kikisogea kidogo tu, ugonjwa uko kwenye mafuta: kuna upepo ndani, au silinda inavuja. Pedali ikipata nguvu baada ya kupampu mara tatu au nne, hiyo ni dalili ya upepo. Upepo hutolewa kwa kufungua kinati cha silinda ya chini huku mwenzako akikanyaga pedali, na kukifunga kabla hajaiachia. Rudieni mpaka mafuta yatoke bila mapovu, na mwangalie chombo cha juu kisikauke.

- Kijiti kikisogea vizuri na bado gia zinalia, basi ugonjwa uko ndani. Hapo ndipo giaboksi inashushwa, si mapema.

Angalizo: msitie maji ya sabuni wala oili ya injini mahali pa mafuta ya breki. Oili huvimbisha raba za silinda na kuziharibu. Maji huleta kutu. Chupa moja ya mafuta ya breki ni rahisi kuliko silinda mbili.

DALILI YA PILI: INJINI INALIA LAKINI GARI HALIENDI

Hii huonekana wazi mkipanda mlima kutoka Isiolo kwenda Subuiga na mzigo. Dereva anakanyaga mafuta, sauti inapanda, mwendo haupandi, na kunanuka kama kitu kinaungua. Klachi inateleza. Sababu ni hizi: pleti imelika, oili imevuja kutoka sili ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi, au pedali haina nafasi ya kucheza, hivyo beringi inakandamiza springi wakati wote. Hii ya mwisho hurekebishwa bila kushusha kitu. Lakini pleti iliyolowa oili haifai kuoshwa kwa petroli na kurudishwa. Tengenezeni kwanza mahali panapovuja, kisha wekeni pleti nyingine.

DALILI YA TATU: KELELE

Sikilizeni gari likiwa limesimama, injini inawaka, gia haijaingia. Kelele ikija mnapokanyaga pedali, shuku beringi ya klachi. Ikija mnapoachia na kunyamaza mnapokanyaga, shuku beringi ya mbele ya giaboksi. Kama giaboksi ndiyo mmeinunua juzi, rudini kwa aliyewauzia mapema, mkiwa na risiti.

MAKOSA YA WAKATI WA KUFUNGA

Kama klachi ilikuwa nzuri kabla ya kubadilisha giaboksi, swali la kwanza ni: nini kilibadilika?

1. Giaboksi hailingani. Majina yanaweza kufanana lakini vitu si sawa. Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ina silinda ya chini iliyofungwa kwenye nyumba ya klachi. Series IIA iliyoitangulia ina silinda ya nje na mkono wa kuunganisha. Tena kuna klachi za inchi 9 na za inchi 9 na nusu. Ukichanganya, kijiti kinakuwa kirefu mno au kifupi mno, na klachi inateleza au haiachi.

2. Pleti imegeuzwa. Ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi.

3. Giaboksi iliachwa ining'inie kwenye pleti wakati wa kuifunga. Uzito wake hupinda pleti. Ni lazima ishikiliwe kwa jeki mpaka nati zote zikaze.

4. Meno ya shafti hayakulingana na meno ya pleti, au bushi ya katikati ya flaiwili imekwama. Pleti ijaribiwe kwenye shafti kwa mkono kabla ya kufungwa. Iteleze bila kulazimishwa.

Na fundi asipulize vumbi la klachi ya zamani kwa mdomo au kwa pampu. Pleti nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, ambayo huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Vumbi lilowanishwe kwa maji na kufutwa, na watoto wakae mbali.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari: kazi gani, spea zipi, na nani atalipa kazi ikirudiwa. Dai spea za zamani mzione. Jaribuni gari likiwa na mzigo, mlimani na mchangani, siyo kuzunguka soko tu. Pesa ya mwisho itolewe baada ya hapo.

Dereva naye ana sehemu yake. Asipumzishe mguu kwenye pedali. Mchanga wa lagha ukilishika gari, asilazimishe kwa klachi: watu washuke, wachimbe, waweke matawi. Klachi mpya inaweza kuungua hapo kwa dakika chache.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Gari letu lilipoharibika mara ya mwisho, tulitafuta ugonjwa kwanza, au tulinunua spea kwanza?
2. Nani anaandika kumbukumbu za matengenezo, na wanachama wote wanaweza kuzisoma?
3. Kila mwezi tunaweka akiba kiasi gani kwa ajili ya matengenezo, ili mama mgonjwa asikute gari liko juu ya mawe?